Wa Tano

Maji ya kufulia yalikuwa yamemwagwa mara tatu tangu asubuhi. Suruali ya mumewe, fundi wa injini za mashua, iliyaacha meusi kama yaliyochujwa kwenye mkaa. Gauni la mtoto liliyaacha ya kijivu. Shuka za Bibi, mama mkwe wake, ziliyaacha na harufu ya dawa ya kuchua magoti. Kisha Mama Mlingoti akatia shati la mwanawe mkubwa, akasugua ukosi, akasugua makwapa, akakamua, akatazama ndani ya beseni.

Maji yalikuwa safi. Yalikuwa safi kiasi cha kupikia.

Akalileta shati puani. Alikuwa amefua nguo za watu wa baharini tangu aolewe, na ungeweza kumfumba macho akakwambia shati hili la nani na jana alishinda wapi. Hili lilikuwa limevaliwa mfululizo na kijana mzima, katika joto la mwisho wa mwaka, akikwangua mashua juani pamoja na wenzake. Halikunuka jasho. Halikunuka samaki wala rangi. Halikunuka mtu.

“Labda sabuni imekuwa kali,” akajisemea, akalitundika kambani. Alikuwa na mambo mengi. Mwaka ulikuwa unaisha siku hiyo na nyumba haijapigwa deki, vyombo vya jana vinamngoja, na Kitinda, binti yake mdogo, ameamka tena na mikono ya baridi kama aliyeshinda ameshika barafu. Dawa ya homa haikufanya kitu. Mtoto mwenyewe hakulalamika. Kucha zake tu zilizidi kuwa nyeupe, basi.

Mama Barafu, jirani anayeuza vipande vya barafu dikoni, kule mashua zinakoshusha samaki, aliingia uani bila hodi. Yule mama hajawahi kuingia kwa mtu bila hodi na bila utani.

“Mwenzangu, weka hiyo nguo chini.”

“Nikiiweka utanifulia wewe? Karibu.”

“Sikai. Wavuta juya wamepata mtu.”

“Mtu gani?”

“Kwenye wavu wao. Yuko chumba cha barafu, nimewafungulia mlango mwenyewe.” Akashika kamba ya nguo. “Baba Mlingoti yuko pale. Amesema uje, na usije na mtoto.”

“Mimi nije kufanya nini? Wangu wote wapo.”

Mama Barafu hakumtazama usoni. Alikuwa anatazama kwa juu ya bega la mwenzake, kule chumbani, ambako chini ya pazia ilionekana miguu mirefu ya kijana aliyelala mchana, ndani ya buti za mpira.

“Amevaa mkanda,” alisema kwa sauti ya chini. “Ule wa pete ya shaba.”

Mkanda ule ulikuwa mmoja tu duniani. Fundi alichukua pete ya shaba kutoka injini iliyokufa, akaikata, akaisugua, akamtengenezea mwanawe bizimu siku alipopata nafasi yake ya kwanza kwenye mashua. Kijana mwenyewe alikuwa mrefu na mwembamba hata watu wakamwita Mlingoti, na mkanda ulibidi utobolewe tundu la ziada kwa msumari wa moto.

Hapa inabidi kueleza namna watu wa mji ule wanavyofanya kazi.

Mashua inaporudi, kabla mtu hajatia mguu majini, nahodha husimama mbele na kutaja kwa sauti idadi ya watu aliorudi nao. Walioko nchi kavu huitikia idadi ileile. Si uganga, ni kazi. Miaka ya nyuma mtu aliwahi kuachwa baharini, na wenzake wakamkumbuka walipokuwa wanagawana samaki. Tangu hapo hakuna anayegusa samaki mpaka hesabu imetajwa na imeitikiwa.

Jioni ile ya dhoruba, mashua ya Mlingoti ilikuwa imetoka na watu watano. Ilirudi tanga limechanika. Nahodha alisimama mbele, akafuta uso, akasema, “Wanne.”

Diko zima likamtazama Mama Mlingoti, kwa sababu vichwa vinne vilionekana na kile kirefu hakikuwemo. Na yeye, badala ya kuitikia, alipiga kelele kuelekea majini: “Watano!”

“Wanne, dada yangu,” Nahodha alirudia.

“Watano! Watano!”

Aliita hivyo mpaka sauti ikamkauka na mumewe akambeba begani kama gunia. Hakuna aliyethubutu kuitikia wanne mbele yake. Samaki wa siku ile waliozea mashuani.

Wiki haikuisha. Alikuwa anapakua chakula cha usiku, nyumba nzima imekaa kama watu wanaosubiri daktari, mlango ukasukumwa. Mlingoti alisimama pale amelowa mpaka shingoni, suruali imefungwa kwa kamba, mkanda hana. Hakusema alikuwa wapi. Alisema, “Mama, nihesabu.”

Mama naye alikuwa na desturi yake ya kuhesabu watu kila anapopakua, tangu Mlingoti alipokuwa mtoto wa kuzurura. Mwiko ulimtoka mkononi. Akasema, “Watano,” akalia, akapakua sahani ya tano. Tangu siku ile alimhesabu kila jioni. Mji ulisema ni muujiza, na yeye hakuwa mtu wa kubishana na muujiza wakati ana nguo za kufua.

Sasa alijifuta povu mikononi, akamfuata Mama Barafu.

Dikoni palikuwa na pilikapilika za mwisho wa mwaka. Mashua zote zilikuwa zimepandishwa mchangani, zinakwanguliwa na kupakwa rangi, maana siku ya kwanza ya mwaka hushushwa majini zote kwa pamoja. Lakini alipopita, visu vya kukwangulia vikanyamaza kimoja baada ya kingine. Nahodha alikuwa anapaka rangi ubavu wa mashua yake. Alimwona, brashi ikabaki hewani, rangi ikamchuruzikia mpaka kwenye kiwiko.

Ndani ya chumba cha barafu, Fundi alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kando ya kile kilichofunikwa alisimama Mkunga, mama mnene wa makamo aliyewapokea nusu ya watoto wa mji ule, na aliyekuwa akiitwa pia mtu anapoumwa ugonjwa usioonekana.

“Mkanda unaweza kuibiwa,” Fundi alisema kabla hajaulizwa. “Si unaweza? Mwanangu yuko nyumbani amelala. Si yuko nyumbani?”

“Yupo,” alisema mkewe.

“Basi. Si nimewaambia.”

“Uso msiutazame,” alisema Mkunga. “Uso bahari imeshachukua. Lakini buti moja lilibaki mguuni.”

Akafunua upande wa chini peke yake. Mguu uliokuwa umehifadhiwa na buti ulikuwa mweupe na umekunjamana kama mkono wa mfuaji. Kidole cha pili na cha tatu vilikuwa vimeshikana mpaka kwenye kucha, kama punje mbili za karanga ndani ya ganda moja.

Fundi alitoa sauti kama ya injini inayokataa kuwaka. Mama Mlingoti hakulia. Aliinama, akashika vile vidole viwili kwa vidole vyake viwili, kama alivyokuwa akivishika wakati wa kumwogesha. Kisha akatazama kilichomfunika.

“Mmemfunika turubai la rangi,” alisema. “Lina mikwaruzo.”

Akavua mtandio wake kichwani, akauingiza kati ya turubai na mwanawe, akatoka nje.

Mkunga alimkuta ameegemea ubavu wa mashua, upande wa kivuli.

“Nikuulize jambo. Huyo uliye naye nyumbani, umeshaiona miguu yake?”

“Anavaa buti.”

“Siku zote hizi?”

“Anasema anasikia baridi.”

“Na wewe hukuomba kuiona.”

“Sikuomba.”

“Kwa nini, mwanangu?”

“Kwa sababu sikutaka kuiona.”

Mkunga alishusha pumzi, akakaa chini mchangani kama mtu mwenye safari ndefu. “Siku ile ulikataa hesabu ya nahodha. Ukaita wa tano. Ulimwita kwa kelele, mbele ya bahari, jua linazama. Hukusema ni nani, ulisema idadi tu. Sasa huko majini wako wanaosikia. Mmoja wao amesikia anaitwa, akaja. Jini haingii nyumba ambayo haijamwita, na wewe ulimwita mpaka ukakaukiwa.”

“Hajafanya ubaya wowote. Anakaa tu.”

“Mikono ya binti yako ikoje?”

Mama Mlingoti akatazama mikono yake mwenyewe.

“Huko alikotoka nako wanahesabu,” Mkunga aliendelea, na sasa alikuwa ananong’ona. “Tangu aje kwako, kwao wamepungua mmoja. Hawatakubali kupungua. Mashua zikishuka kesho atashuka nazo, na hatashuka peke yake, atapeleka mtu wa kukaa mahali pake, ndipo yeye abaki kwako moja kwa moja. Wewe utakuwa na watano mezani. Ila hutakuwa na mtoto wa kike.”

“Nifanye nini?”

“Hesabu ile ya Nahodha haijaitikiwa mpaka leo. Iko wazi kama mlango. Leo jioni, mkiwa mezani naye, Nahodha ataitaja upya akiwa nje. Wewe utaitikia. Usimpakulie. Usimwite kwa jina la mwanao. Atakuomba, na atakuomba kwa sauti unayoijua. Ukimpa sahani leo, mimi sina dawa nyingine.”

Nahodha alikuwa amesogea, brashi bado mkononi. Alikuwa mtu mzima wa kifua kipana, na midomo ilikuwa inamcheza kama ya mtoto.

“Dada, mimi nilishampangia nafasi yake ya kesho. Nilisema Mungu amenisamehe. Kutaja tena ile… sijui kama mdomo utaweza.”

“Uliweza siku ile,” alisema Mama Mlingoti. “Mimi ndiye nilishindwa. Njoo tukishapakua.”

Alirudi nyumbani kwa njia ya nyuma, na kabla hajafika alisikia sauti ya Kitinda akicheka. Walikuwa wamekaa nyuma ya pipa la maji, mtoto mapajani mwa kaka yake, na kaka anamkunja vidole kimoja kimoja.

“Mmoja. Wawili. Watatu. Wanne…”

“Watano!” Kitinda alidakia, akacheka, na meno yakawa yanagongana. Jua lilikuwa bado linachoma hata ukuta haukushikika.

“Mama, kesho mashua zikishushwa nitaenda na Kaka.”

“Wapi?”

“Kwao.”

“Kwao si hapa?”

Kitinda akajiziba mdomo kama aliyetoboa siri. Kisha akanong’ona, maana watoto hawana kifua cha kuweka siri: “Huko wamepungua mmoja. Wanamsubiri.”

“Watoto hawa,” alisema yule kijana, akatabasamu. Lilikuwa tabasamu la Mlingoti, lile la upande mmoja. Sauti ilikuwa ya Mlingoti. Ni kwamba mama aliposimama karibu hivyo, uso kwa uso, hakuhisi pumzi yoyote ikitoka kinywani mle, na alipoteremsha macho aliona buti za mpira, na pembeni ya buti ardhi ya ua ilikuwa imelowa duara zima, na hakuna aliyekuwa amemwaga maji.

“Kitinda, ingia ndani ukamsaidie Bibi kuchambua mchele.”

“Kaka amesema—”

“Ingia ndani.”

Jikoni, Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda chake. Macho yake yalikuwa yamefunga utando muda mrefu.

“Unapumua kama mtu aliyebeba tofali,” alisema bila kugeuka. “Kuna nini?”

“Mama, wamempata.”

Bibi hakuuliza wamempata nani. Mikono yake ilitulia juu ya ungo.

“Ulikuwa unajua?” mkwewe alimuuliza.

“Mjukuu wangu alikuwa akila kama mtu anayefukuzwa. Huyu anakula kama mgeni aliyekanywa na mama yake. Lakini si hilo.” Alipapasa pembeni, akagusa bakora yake iliyoegemea ukutani, akaishika. “Yule mtoto, tangu anajua kutembea, hakuna siku aliyoacha kunificha bakora yangu. Nitukane, nimlaani, acheke, anirudishie. Tangu huyu arudi, kila asubuhi naikuta palepale nilipoiweka. Kila asubuhi, mwanangu. Nalala naomba niikose.”

Ndipo wote wawili wakalia, kimyakimya, kwa sababu mlango ulikuwa wazi na mchele ulikuwa haujapikwa.

Jioni iliingia. Kutoka dikoni zilisikika nyundo za mwisho, kisha zikaacha. Fundi alirudi, akaoga, akakaa mezani akitazama mikono yake. Mkunga alikuwa amemwambia kila kitu njiani. Kitinda aliletwa na kukalishwa karibu na mama yake, lakini mama alipogeuka kuchukua chumvi alimkuta ameshahamia upande wa pili, mkono wake mdogo uko ndani ya mkono wa yule kijana aliyeketi kwenye kiti chake.

Mama Mlingoti akapakua wali na mchuzi wa samaki. Sahani ya Bibi. Sahani ya Fundi. Sahani ya Kitinda. Ya kwake. Ya tano, ile ya bati la bluu iliyobanduka ukingoni, ilibaki juu ya kabati imefunikwa. Akakaa.

Tone la maji lilisikika likidondoka chini ya meza. Likafuata lingine.

“Mama,” alisema yule kijana, “umenisahau.”

“Kuleni,” alisema mama. Hakuna aliyenyanyua kijiko.

“Mama. Sijahesabiwa.”

Nje, lango likalia. Nyayo nzito zilikuja mpaka katikati ya ua, zikasimama, na mtu akakohoa, akakohoa tena, na sauti ya Nahodha ikatoka imepasuka katikati: “Wanne!”

Kichwa cha yule kijana kiligeukia mlangoni taratibu, kikarudi, na hapo taa ikawa kama imesogezwa mbali ingawa ilikuwa palepale ukutani, na harufu ikapanda kutoka chini ya meza, si harufu ya samaki wala ya maji ya chumvi wanayoijua watu wa pwani, bali ya kitu cha chini kabisa, chuma na giza na matope ambayo hayajawahi kuguswa na jua, na maji yakaanza kutoka kwenye midomo ya zile buti, kidogokidogo, bila sauti, yakitambaa kwenye sakafu ambayo mama aliipiga deki mchana, yakipita chini ya kigoda cha Bibi, yakimfikia yeye kwenye nyayo kwa ubaridi uliomuuma mpaka kwenye magego, na katikati ya yote hayo ile sauti, sauti ya mwanawe, haikupandishwa hata kidogo.

“Mama, unakumbuka nilipokuwa na surua? Ulilala na mimi sakafuni, unanipepea na mfuniko wa sufuria mpaka asubuhi. Ukaniambia nisimwambie Baba kwamba umeunguza uji.”

Hapakuwa na mtu mwingine aliyejua habari ya uji ule.

“Umeyatoa wapi hayo?” mama aliuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo sana.

“Kwake. Alikuwa nayo wakati anazama. Hakuwa na kingine cha kushika.” Kile kitu kikainamisha kichwa, kama kinachokumbuka. “Alikuita, Mama. Wewe hukusikia, upepo ulikuwa mkali. Mimi nilisikia yote aliyoyasema.”

“Mke wangu,” Fundi alinong’ona, “usimjibu. Nakuomba, usimjibu.”

“Alisema nini?”

“Nipe sahani yangu,” kikasema kwa upole, “nikwambie.”

Basi hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kumfukuza jini si kazi, kama ni jini tu. Alitazama sahani ya bluu juu ya kabati. Ilikuwa karibu. Angenyoosha mkono tu. Maneno ya mwisho ya mwanawe yalikuwa mezani kwake, upande wa pili wa bakuli la mchuzi, na hakuna mwingine duniani aliyekuwa nayo, na leo yasiposemwa hayatasemwa tena, na yeye atazeeka akiosha vyombo na kujiuliza kama kijana wake alikufa anaomba maji, au anaomba msamaha, au anamwuliza mama mbona huji. Mkono wake ulikuwa umeshanyanyuka. Aliuona ukinyanyuka kama mkono wa mtu mwingine.

“Wanne!” Nahodha aliita tena kule nje, na safari hii alikuwa analia waziwazi.

Akamtazama Kitinda. Mtoto alikuwa amefumba macho, midomo imekuwa ya kijivu, kichwa kimeegemea mkono uliomshika, na midomo ile ilikuwa inatembea bila sauti: mmoja, wawili, watatu.

Mama Mlingoti akaushusha mkono wake, akauweka juu ya meza.

“Nilikukosea,” alimwambia yule aliyekaa mbele yake. “Nilikuita na wewe si wangu. Umekuja kwa sababu yangu, sikulaumu. Lakini wangu yuko kwenye barafu, na kesho asubuhi nina kazi ya kumzika.”

“Mama. Nihesabu.”

“Wanne!” aliitikia. Aliitikia kwa sauti ya dikoni, ile ya kusikika juu ya upepo, na ukuta ukatetemeka. “Wanne! Wanne wamerudi! Nimesikia!”

Hakikupiga kelele. Kilimtazama mpaka mwisho, na uso ukabaki wa Mlingoti mpaka mwisho, na hilo ndilo ambalo hakuweza kulisamehe. Kisha mkono uliomshika Kitinda ukafunguka, na kiti kikawa kitupu bila kusogea. Chini ya meza zilibaki buti mbili zimesimama wima, zimejaa maji ya bahari mpaka juu. Ndani ya moja alikuwemo samaki mdogo mweupe, asiye na macho, anazunguka polepole.

Fundi ndiye aliyezibeba nje. Walimsikia akizimwaga mbali, kisha wakamsikia amekaa huko, na Nahodha anamwambia, “Simama, ndugu yangu. Simama, mtoto anasubiri.”

Mama Mlingoti alimchukua Kitinda mapajani, akamsugua mikono kwa mikono yake iliyochakazwa na sabuni, akasugua mpaka damu ikarudi, kidole kwa kidole. Vyote vilipata moto isipokuwa kile kidogo cha mwisho cha mkono wa kushoto. Kile kilibaki baridi, na hata Kitinda alipokuwa mtu mzima mwenye watoto wake, kilikuwa baridi.

“Kaka amekwenda?”

“Amekwenda.”

“Hakuniaga.”

“Hapana. Hakutuaga.”

Akasimama. Akapiga deki. Wali ulikuwa umepoa, akaurudisha motoni, akatia mchuzi maji kidogo, akapasha. Nahodha alikuwa bado mlangoni, kofia mkononi, rangi ya mashua imemkaukia kwenye kiwiko.

“Ingia basi ule,” alimwambia.

Nahodha alitazama meza, akatazama kiti kilichobaki, akatikisa kichwa. “Leo siingii, dada. Leo kaeni nyie wenyewe. Asubuhi tutakuja wote kumbeba.”

Alipoondoka, Fundi aliingia akakaa, na Mama Mlingoti akakinyanyua kile kiti, akakipeleka chumbani, akarudi. Akapakua upya. Mvuke ulipanda. Akasimama na mwiko mkononi, kama alivyosimama kila jioni ya maisha yake, akawatazama.

“Bibi.”

“Nipo,” alisema Bibi, bakora imelala mapajani mwake.

“Baba Mlingoti.”

Fundi alifuta uso kwa mgongo wa mkono. “Nipo.”

“Kitinda.”

“Nipo, Mama.”

“Na mimi nipo.” Sauti ilitaka kukatika, akaivuta, ikaja. “Wanne. Tumetimia. Kuleni, chakula kisipoe mara ya pili.”